Kuchagua na Kuweka Dungu la Kuwinda Kulungu Kabla ya Msimu: Mwongozo Kamili

Dungu likikosa kulungu msimu mzima, lawama huangukia bahati. Mara nyingi kosa lilifanyika wiki kadhaa kabla: mwindaji aliona mti mzuri, akafunga dungu, kisha ndipo akaanza kujiuliza upepo unatoka wapi na yeye mwenyewe atafikaje pale alfajiri bila kusikika. Mti huchaguliwa mwisho. Kwanza mapito ya kulungu, pili upepo, tatu njia yako ya kuingia na kutoka. Vitu hivyo vitatu vikishakubaliana, hubaki miti miwili mitatu tu ya kuchagua, na kazi inakuwa rahisi.

Maelezo haya yanamhusu kulungu wa mkia mweupe wa Marekani Kaskazini, anayewindwa kwa upinde au bunduki kutoka juu. Dungu hapa ni jukwaa lolote la kukalia juu ya ardhi, liwe la ngazi, la kufungwa mtini au la miguu mitatu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Vya kusomea eneo
- Ramani yenye mistari ya mwinuko, au simu yenye picha za satelaiti zinazofunguka bila mtandao
- Dira
- Chupa ndogo ya poda laini, na sufi kidogo iliyochambuliwa
- Kamera ya porini, moja au mbili

Vya kufungia
- Dungu na karatasi yake ya maelekezo
- Mikanda ya racheti (inayokazwa kwa kishikio chenye meno) iliyokuja na dungu
- Vipande vya ngazi ya mtini, kwa kawaida 4
- Kamba ya kuvutia mizigo, mita 9 hadi 10
- Msumeno wa kukunja, msumeno wa mpini mrefu, spana

Vya uhai
- Mkanda wa usalama wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani
- Mkanda wa kuzungusha mtini unapofanya kazi kwa mikono miwili
- Kamba ya uhai inayoanzia juu ya kichwa cha aliyekaa hadi ardhini, yenye fundo la Prusik, yaani fundo linalosogezwa kwa mkono lakini hujikaza likivutwa na uzito
- Simu, filimbi na taa ya kichwani, vyote vikiwa mifukoni mwako. Mtu anayening'inia mita tano juu hawezi kuufikia mkoba ulio chini.

Fedha zikiwa chache, nunua dungu la bei nafuu pamoja na mkanda mzuri wa usalama. Mkanda wa kufunga kiunoni peke yake usiutumie kabisa. Ukianguka nao unakubana tumbo na mbavu, na unaweza kukunyima pumzi.

## Hatua ya 1: Maliza ruhusa na kanuni

Pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi, na ndani yake itajwe kama unaruhusiwa kukata matawi. Kwenye ardhi ya umma, majimbo mengi ya Marekani hukataza misumari na ngazi za kuskurubu kwenye mti, na baadhi hutaka dungu liandikwe jina au namba ya mwindaji na liondolewe kufikia tarehe fulani. Kanuni hubadilika jimbo kwa jimbo, na wakati mwingine pori kwa pori. Soma za mwaka huu, si za mwaka jana.

## Hatua ya 2: Tafuta wanakopita

Wakati bora wa kusoma ardhi ni mwisho wa majira ya baridi, majani yakiwa yamedondoka na alama za msimu uliopita zikiwa bado wazi. Ukichelewa, fanya majira ya joto, lakini ingia mara chache.

Alama za kutafuta ni hizi:

- Mapito yaliyokanyagwa hadi udongo ukaonekana, hasa pale mawili yanapokutana.
- Miti iliyochubuliwa kwa pembe. Upande uliochubuliwa huonyesha dume alikotokea. Miti kadhaa iliyochubuliwa kwa mstari ni njia yake ya mara kwa mara.
- Mparuo, yaani ardhi iliyofagiliwa kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia. Lichunguze tawi: huwa limetafunwa au kuvunjwavunjwa ncha. Madume mengi huutembelea mparuo usiku, kwa hiyo usiufungie dungu bila ushahidi wa kamera.
- Malalo, vishimo vya majani yaliyolazwa, virefu kama mita moja. Haya ni ya kuyajua na kuyaepuka.
- Chakula. Mialoni myeupe huangusha matunda yenye uchungu mdogo kuliko ya mialoni myekundu, na kulungu huyakimbilia kwanza. Mti mmoja unaozaa vizuri unaweza kushinda shamba zima kwa wiki kadhaa, kisha ukaisha ghafla.

Dungu halikai kwenye chakula wala kwenye malalo. Linakaa katikati, mahali ambapo sura ya ardhi inawabana wapite: ukanda mwembamba wa miti kati ya mashamba mawili, kivuko cha kijito chenye kingo za chini, kona ya ndani ya shamba, bonde dogo la juu linalokatisha mgongo wa kilima. Kwenye ramani, tazama palipobana kama shingo ya chupa.

Kamera iwekwe kwa wiki mbili au tatu, ikitazama njia kwa mshazari ili kulungu asipite kabla haijapiga picha. Saa za picha zina uzito kuliko ukubwa wa pembe. Picha zote zikiwa za saa nane usiku, hapo ni njia ya usiku. Sogea karibu zaidi na malalo, lakini usiyaingilie.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Wanalala pale, wanakula kule, na wanapita hapa asubuhi au jioni." Kama sentensi hiyo haijatimia, usinunue dungu bado.

## Hatua ya 3: Upepo, mahali wengi wanapoharibu

Mavazi ya madoadoa hayamsaidii mtu aliye upande mbaya wa upepo. Kulungu akikuona anaweza kusimama akasitasita. Akikunusa, ameondoka, na dume mzee anaweza asirudi pale mchana kwa siku nyingi.

Kanuni ni nyepesi: upepo utoke kwa kulungu uje kwako. Kaa upande wa demani wa mapito, kama mabaharia wanavyosema. Mapito yakienda kaskazini na kusini na upepo ukatoka magharibi, dungu liwe mashariki ya mapito. Kisha jiulize swali la pili, ambalo wengi huliruka: harufu yako inaishia wapi nyuma yako? Ikiangukia kwenye malalo, au kwenye njia nyingine wanayoitumia, umehamisha tatizo tu.

Dira ya upepo kwenye simu haitoshi, kwa sababu miti na miinuko huukunja upepo. Nenda mahali penyewe saa ile ile utakayowinda. Poda ikipulizwa huonyesha upepo wa hatua chache za kwanza. Sufi huonyesha zaidi: achia unyuzi mmoja, ufuate kwa macho mpaka upotee. Mara nyingi utauona unakwenda sawasawa mita kumi, kisha unazama kwenye korongo au unazunguka kurudi ulikotoka. Mahali panapozungusha sufi hivyo hapafai, hata mapito yawe mazito namna gani.

Kwenye vilima kuna hewa inayopanda na kushuka kwa joto la jua:

- Alfajiri kabla ya jua, hewa baridi huteremka kuelekea bondeni.
- Jua likishapiga mteremko, hewa hupanda. Hapo ni afadhali uwe juu ya kulungu.
- Jioni jua linapoondoka, hewa huanza kushuka tena. Hapo ni afadhali uwe chini yao.

Upepo wenye nguvu huifunika hali hii. Siku ikiwa tulivu, hali hii ndiyo hutawala. Ndiyo maana dungu la asubuhi na la jioni kwenye mteremko mara chache huwa dungu moja.

Panga sehemu mbili kwa kila mapito mazuri, moja kwa kila upepo wa kawaida wa msimu. Liandikie kila dungu upepo wake kwenye simu, mfano "magharibi na kaskazini-magharibi tu", na siku upepo ukiwa tofauti, usilikalie. Kujizuia huku ni kugumu kuliko kazi yote ya kufunga.

## Hatua ya 4: Njia ya kuingia na kutoka

Chora njia yako kabla ya kuchagua mti. Isikatishe mapito makuu, isipite kwenye malalo, na asubuhi isipite penye chakula, maana gizani kulungu wako hapo. Mtaro, kijito chenye kina kifupi na ukingo wa shamba la mahindi marefu ni njia nzuri kwa sababu vinakuficha na kumeza sauti.

Dungu la jioni lina mtihani wake: utashukaje giza likiingia na kulungu kumi wamesimama shambani mbele yako? Kama jibu halipo, sogeza dungu ndani ya miti mita 50 hadi 100 kutoka shambani. Hapo wanapita kabla ya giza, na wakishatoka kwenda kula unaweza kushuka nyuma yao.

Fagia majani makavu mita 30 za mwisho na ondoa vijiti. Njia ikiwa sawa, utaitembea gizani kwa taa hafifu bila kuvunja kijiti.

## Hatua ya 5: Chagua aina ya dungu

Dungu la ngazi ni zito, kwa kawaida kilo 25 hadi 45, nalo huegemezwa mtini. Lina utulivu kuliko mengine na linawafaa wanaoanza, lakini halihamishiki kwa urahisi na huonekana kwa mbali. Liweke mapema.

Dungu la kufunga mtini lina kilo 5 hadi 9 na hupandiwa kwa vipande vya ngazi. Linakaa kwenye miti mingi, hata yenye matawi. Kwa mwindaji mmoja mwenye sehemu mbili tatu za kubadilisha, hili ndilo chaguo letu.

Dungu la kupanda nalo lina vipande viwili vinavyobana shina na kupandishwa kwa zamu. Linahitaji mti ulionyooka, usio na matawi hadi juu. Magome yanayobanduka hulifanya liteleze.

La miguu mitatu ni la mahali pasipo na miti ya kutosha.

Soma kibandiko cha uzito. Mengi yameandikwa kilo 136, na hesabu hiyo ni mwili, nguo, mkoba na silaha kwa pamoja. Mtu wa kilo 115 mwenye nguo za baridi na mkoba uliojaa amekwisha kuukaribia mwisho.

## Hatua ya 6: Sasa chagua mti

Uwe hai, umenyooka, na unene wake uangukie ndani ya vipimo vya mtengenezaji, mara nyingi sentimita 20 hadi 50. Tazama juu: matawi makavu, gome linalobanduka, matundu, uyoga shinani ni sababu za kuuacha. Miti ya ashi imeuawa kwa wingi Marekani na mdudu anayekula chini ya gome, na mti wa ashi uliokufa huvunjika bila kutoa onyo.

Kwa upinde, mti uwe mita 15 hadi 20 kutoka kwenye mapito. Kwa bunduki, mita 50 hadi 100 zinatosha kwenye msitu wa kawaida. Usikae juu kabisa ya mapito.

Urefu wa mita 4.5 hadi 6 unatosha. Wengi hupanda zaidi wakidhani harufu itapaa na kulungu hataona, na hawapigi hesabu ya pembe ya mshale. Ukiwa mita 6 juu na kulungu mita 18 mbele, mshale unashuka kwa nyuzi kama 18, na una nafasi nzuri ya kupita mapafu yote mawili. Ukiwa mita 9 juu na kulungu mita 10 mbele, pembe inazidi nyuzi 40. Mshale unaingia juu ya mgongo na unaweza kugusa pafu moja tu, na kulungu wa namna hiyo hukimbia mbali na huenda asipatikane.

Nyuma yako pawe na kitu: shina nene, matawi, mti wa majani ya kudumu. Kulungu haitofautishi vizuri rangi ya chungwa ya mavazi ya wawindaji, lakini kivuli cha mtu kinachosogea mbele ya anga tupu hakimpiti. Kumbuka pia kwamba mti wenye majani mengi Septemba unaweza kuwa mtupu katikati ya Novemba, wakati wa kupandana kwa sehemu kubwa ya kaskazini mwa Marekani.

## Hatua ya 7: Kagua kila kitu ukiwa ardhini

Tandaza vyote chini mchana. Kindi hutafuna mikanda, na jua huikausha ikawa ngumu na yenye nyuzi zilizochomoza. Mkanda wa namna hiyo utupwe, usishonwe. Kaza bolti zote, angalia kutu kwenye viungo na nyufa kwenye sehemu zilizochomelewa, soma tarehe ya mwisho kwenye mkanda wa usalama. Uliokwisha kumzuia mtu anayeanguka hautumiki tena.

Kisha kaa juu ya jukwaa likiwa limefungwa futi moja kutoka ardhini. Jigeuze kushoto, kulia, simama, kaa. Kila mlio unaousikia sasa, kulungu atausikia Novemba. Washa (pete bapa) za plastiki kwenye viungo na utepe wa kitambaa penye chuma kwa chuma humaliza kazi.

## Hatua ya 8: Kufunga

Fanya mchana, mti ukiwa mkavu, wiki nne au zaidi kabla ya msimu. Mwachie mtu nyumbani alama ya mahali ulipo na saa ya kurudi.

Dungu la ngazi: watu watatu.

1. Unganisha vipande vyote chini, kila bolti mahali pake. Funga kamba mbili juu ya fremu kabla ya kuinua.
2. Mmoja akanyage mguu wa ngazi, wawili wainue kwa kutembea kuelekea mtini.
3. Wawili wakishikilia, funga nguzo ya kati inayosukuma ngazi kutoka mtini, kisha zungusha zile kamba mbili kwa kukatiza nyuma ya shina na uzikaze.
4. Ndipo mmoja apande kufunga mikanda ya racheti ya juu, wawili wakiwa bado wameshika ngazi, naye ajifunge kwenye mti mara tu anapoufikia.

Usipande ngazi iliyoegemezwa tu, hata "kwa sekunde moja".

Dungu la kufunga mtini.

1. Vaa mkanda wa mwili mzima na uzungushe ule wa kufanyia kazi kwenye shina, kuanzia hatua ya kwanza.
2. Funga vipande vya ngazi kimoja kimoja ukipanda. Nafasi kati ya vidato isizidi ile unayoifikia kwa raha ukiwa na buti nzito. Ukikuta tawi, funga mkanda wa pili juu yake kabla ya kufungua wa kwanza.
3. Kipande cha mwisho kipite juu ya jukwaa, ili ushuke kuingia jukwaani. Wanaoanguka mara nyingi huanguka hapa: mtu ananyanyua mguu kwenda juu, huku akiwa ameshika kiti kinachoweza kusogea.
4. Vuta dungu kwa kamba. Funga mkanda wa juu, kaza mpaka usisogee, kisha likandamize jukwaa kwa mguu huku ungali umefungwa mtini, meno yake yaingie kwenye gome. Ndipo ufunge mkanda wa chini.
5. Jukwaa liinuke kidogo sana mbele likiwa tupu. Uzito wako utalilaza sawa.

Kamba ya uhai. Ifunge juu ya kichwa chako, na mwisho wake ufungwe chini ya shina. Fundo la Prusik lisukumwe kwa mkono ukipanda, na likikamatwa na uzito lisiteleze hata kidogo. Lijaribu ukiwa nusu mita kutoka ardhini. Ukikaa, kamba fupi kati ya mgongo wako na mti isiwe na ulegevu. Ulegevu wa mita moja maana yake ni kuanguka mita moja kabla ya kukamatwa, na huenda ukajikuta chini ya jukwaa usiloweza kulirudia.

Jifunze pia kutumia kitanzi cha miguu kinachokuja na mkanda. Anayening'inia bila kusogeza miguu huzuiwa damu kurudi moyoni, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia. Kanyaga kitanzi, sogeza miguu, kisha rudi kwenye ngazi au piga simu.

## Hatua ya 9: Mwelekeo na nafasi za kupigia

Mwenye kutumia mkono wa kulia hulenga kwa urahisi upande wake wa kushoto akiwa amekaa. Geuza dungu ili mapito yawe kushoto kwako. Anayetumia kushoto afanye kinyume. Asubuhi usitazame mashariki, jioni usitazame magharibi: jua la chini hukupofusha na kumulika uso wako.

Fungua nafasi tatu au nne, upana wa mita moja hadi moja na nusu. Mmoja akae juu aelekeze, mwingine akate chini. Kata kidogo, rudi juu utazame, kata tena. Anayesafisha kila kitu hubaki ameketi kwenye nguzo tupu katikati ya uwazi. Matawi yaliyokatwa yaburute mbali na mapito, na visiki vikatwe usawa wa ardhi.

Pima umbali wa alama tatu (jiwe, kisiki, mti uliochubuliwa) na uziandike.

## Hatua ya 10: Jaribu, kisha ondoka

Kaa dakika thelathini ukiwa na nguo na silaha utakazotumia, bunduki ikiwa tupu. Silaha hupanda na kushuka kwa kamba, kamwe si mkononi, na bunduki huwa haina risasi mpaka uwe umeketi na umefungwa. Vuta upinde ukielekea kila nafasi. Ukigonga tawi au kiti, rekebisha leo.

Ukiwa umemaliza, usirudi kuangalia. Kila ziara huacha harufu. Rudi mara moja tu kabla ya ufunguzi, adhuhuri, ikiwezekana mvua ikikaribia, kukagua mikanda na kindi.

Msimu ukiisha, lishushe dungu lote na mikanda yake. Mti hunenepa, na mkanda ulioachwa mwaka mzima huzama kwenye gome ukiwa umevutwa hadi mwisho wa nguvu yake, huku kwa macho ukionekana bado mpya.